Kamera Yenye Sikio

Karatu,
4 Februari 2024

Dada Evarista,

Shikamoo. Huku hatujambo, ukiondoa mafua ya Joseph wangu na mbuzi mmoja aliyekula kipande kizima cha sabuni ya mke wangu na bado anadunda. Mama magoti yanamsumbua ila mdomo uko salama. Juzi amemfukuza fundi wa bati kwa kosa la kupiga mluzi juu ya paa lake. Anakusalimu, na anauliza shemeji anakula nini huko Arusha, maana kwenye picha amekonda. Mbaazi zinakwenda vizuri. Mahindi tumeyaacha mikononi mwa Mungu.

Naandika kwa sababu ulisema mwenyewe nisipige. Tajiri hataki ndugu wawili katika kampuni yake ya utalii, na simu zetu ni za kampuni, zinachunguzwa. Basi mimi nitabaki dereva na wewe mama wa ofisini usiyenijua, na barua nitampa kondakta wa basi la asubuhi.

Nimechukizwa, Dada. Wiki iliyopita nikiteremka Rhotia na wageni, lori la vitunguu kutoka Baray lilihamia upande wangu, likaondoka na kioo cha pembeni na kuchuna mlango wote. Dereva akashuka akaapa kwamba mimi ndiye niliyehama. Utingo wake naye akaapa, mkono juu, huku anatafuna muwa. Wageni wangu walikuwa wamelala wote, midomo wazi. Kampuni imeamini vitunguu. Nimeandikiwa onyo.

Sasa madereva tumeomba kamera za kufunga kwenye kioo cha mbele, zile zinazorekodi barabara. Tajiri amekubali na kusema tuchague wenyewe. Wenzangu wamenisukumia mimi, kwa kuwa Metui anasema nina domo na Clemensi anasema nina dada msomi mahali fulani, ingawa hajui ni wapi. Nitafutie iliyo nzuri. Wewe uko karibu na maduka.

Mdogo wako,
Vedasto

Arusha,
19 Februari 2024

Mdogo wangu Vedasto,

Marahaba. Tumesoma barua yako mezani, Angelina wangu akacheka habari za mbuzi mpaka akapaliwa. Mwambie Mama shemeji yako anakula vizuri, ila amegundua mazoezi uzeeni. Anakimbia asubuhi na kaptula fupi, majirani wanaona yote. Mpe pole ya magoti.

Nimezunguka maduka matatu. Sikiliza. Usikubali kamera yenye betri ndani. Gari lako linashinda juani, na betri ikipata joto inavimba. Chukua inayotumia umeme wa gari moja kwa moja. Lenzi iwe pana, ione na pembeni, maana ng'ombe wa kule juu hawaji kutoka mbele. Iwe inaona usiku na kwenye ukungu wa ukingoni mwa kreta. Memori kadi iwe kubwa na halisi. Za bandia zinakufa kwa vumbi. Kadi ikijaa, kamera inafuta ya zamani yenyewe na kuendelea, isipokuwa ikihisi mgongano. Hapo kile kipande inakifungia, hakifutiki.

Nimependekeza yenye lenzi mbili, moja inatazama barabara na nyingine inatazama ndani. Inachukua na sauti. Utingo akikutukana tena, utakuwa na ushahidi. Tajiri ameipenda sana hiyo. Gari likija Arusha kwa matengenezo, kadi itabadilishwa hapa ofisini.

Hongera kwa kuchaguliwa. Usilewe cheo.

Dada yako,
Evarista

Karatu,
2 Mei 2024

Dada Evarista,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu ya mvua. Daraja letu la miti limekwenda na maji, Joseph anavushwa mgongoni kwenda shule na ameanza kudai hivyo hata pakikauka. Mama ameota kwamba unajenga nyumba isiyo na mlango. Nimemwambia ni ugali wa usiku.

Kamera zimefungwa. Nashukuru kwa taabu yako, lakini nitasema ukweli, kitu hiki kinanitia kinyaa. Lile jicho la mbele sina ugomvi nalo. Ni lile la ndani. Nikitafuna linaniangalia. Nikijikuna linaniangalia. Mgeni mmoja mzee alilifunika na karatasi ya chooni toka geti la Lodoare mpaka chini kwenye kreta, na nilimwonea wivu, maana yeye anaruhusiwa.

Halafu ni jinga. Ukilipandisha barabara ile ya mawimbi ukingoni, kila shimo kwake ni ajali. Linapiga kengele, linafungia kipande, hatua mbili mbele linafungia kingine. Tukifika Seneto, pa kushukia kreta, kadi imejaa mashimo ya Ngorongoro na hakuna nafasi tena. Jumanne bodaboda alinigonga kweli, hapa hapa mjini Karatu, akainuka na kusema mimi ndiye niliyemfuata. Nikakimbilia kamera. Haikuwa na hata tone la ajali hiyo. Nirekebishe vipi?

Na jambo la pili, hiyo sauti inazimwaje? Nimeigeuza kila upande. Kwa sasa tumepata dawa. Tukiwa garini bila wageni tunaongea Kiiraqw, lugha ya kwetu. Nani ataelewa huko ofisini? Tajiri mwenyewe neno karibu analitoa kama amekwamwa na mfupa. Hata Metui, Mmaasai wa watu, anaongea nasi. Alisoma shule hapa Karatu tangu mdogo na Kiiraqw chake kinawashinda wanangu. Nikisafiri na Clemensi ndipo tunapocheka mpaka machozi. Mtu huchoka kutabasamu kwa Kiingereza siku nzima. Lazima pawe na mahali pa kutemea.

Vedasto

Arusha,
20 Mei 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo, Angelina ana surua lakini inaisha. Kazi zimenizidi, nitaandika kidogo.

Kuhusu mashimo: ingia kwenye mipangilio, tafuta kihisi cha mtikisiko, kiweke chini kabisa. Kwa barabara zenu ndiyo dawa. Kisha futa vipande vilivyofungiwa, na kioo cha kamera ukifute kila jioni.

Sauti ya aina hiyo haizimiki. Nimeuliza.

Mdomo huponza kichwa, Vedasto. Punguza kuongea garini. Ukiwa na Clemensi hasa.

Evarista

Karatu,
7 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Poleni na surua. Hapa baridi imekuja na meno yake, Mama analala na blanketi mbili na paka. Ngano ya jirani imependeza, yetu imefanana na ndevu za mgonjwa. Basi salamu ziishie hapo, kwa sababu moyo wangu umechafuka.

Clemensi amefukuzwa kazi. Tajiri alimwita Arusha, akamkalisha, akampa karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili safi. Ni maneno ya garini, Dada. Yale tuliyoyasema kwa Kiiraqw siku niliyopanda naye kwenda kuchukua gari langu gereji: habari ya kunyonya dizeli kwa mpira, dumu linafichwa wapi, nani analichukua pale nyuma ya soko. Hata utani ulikuwemo, hata mahali pa kucheka paliandikwa kwamba hapa anacheka. Clemensi anasema alitaka kutapika. Fikiria mtu ameketi mahali, ana chai yake, anasikiliza kicheko chako kwa lugha ya mama yako, kisha anakitafsiri.

Sasa elewa ubaya wake. Mimi nilikuwemo garini siku ile. Mimi ndiye niliyesema zaidi. Nakiri kwako kwa kuwa wewe ni damu yangu. Jina langu halikutajwa hata mara moja, na Clemensi mwenyewe hakunichongea. Wenzangu walianza kunitazama. Mtu amepona vipi peke yake?

Basi nikasema ni Metui. Nilisema mimi wa kwanza, bwenini kwa madereva kule juu, yeye akiwa nje anaosha gari. Nikawauliza nani mwingine asiye wa kwetu anaijua lugha yetu? Nani alionekana ofisini mwezi wa tano akipeleka kadi? Wakakubali. Tangu siku hiyo hatuli naye sahani moja. Akiingia tunahamia Kiingereza. Ana kikombe chake peke yake, hakuna anayekigusa. Anaketi na kikombe hicho anatazama ukungu. Simwonei huruma.

Wewe uko ofisini. Huwezi kusikia chochote?

Vedasto

Arusha,
11 Agosti 2024

Mdogo wangu Vedasto,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Angelina alipona surua akaugua masikio, tumelala hospitali siku kadhaa. Shemeji yako aliteguka mguu katika zile mbio zake, sasa analala sebuleni anatoa amri. Nimemnunulia Mama shali, itakuja na kondakta huyu huyu.

Ofisini sijasikia kitu. Mimi nashughulika na vyumba vya wageni.

Kwa Clemensi nimesikitika, lakini tuseme kweli, mafuta ya watu aliyauza. Hakusingiziwa. Kuhusu Metui, usimwandame mtu bila ushahidi. Ana watoto. Inawezekana si yeye. Inawezekana mtafsiri ni mtu tu aliyeambiwa fanya hivi, akafanya.

Wewe umepona. Mshukuru Mungu na usichimbe.

Dada yako,
Evarista

Karatu,
1 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo. Mama anajifunika shali mpaka jikoni, sasa inanuka moshi. Joseph ameng'oka jino.

Barua yako ilinikera na sitaficha. Eti mtu aliyeambiwa fanya hivi. Mtu wa namna hiyo sina hata jina la kumwita. Afadhali mwizi wa dizeli, yeye anaiba kitu cha tajiri mwenye vingi. Huyu ameiba lugha. Sasa hata nyumbani nikimwita mke wangu nashusha sauti.

Tumeamua kwenda kwa wazee, Mbulumbulu, Jumamosi ya tarehe 14. Clemensi ataomba apizo, lo'o yenyewe, ile ya zamani ya kumpata mtu asiyejulikana. Unaijua. Haihitaji jina. Inamtafuta aliyetenda na nyumba yake, na huwa inaanzia kwa wadogo. Mimi nimechaguliwa kusimama pamoja na Clemensi na kulisema neno, kwa sababu nilikuwemo garini. Najua utaniambia mimi ni Mkatoliki. Asubuhi nitakwenda misa, mchana nitakwenda kwa wazee. Paroko hana dawa ya jambo hili.

Kilichonishtua ni Metui. Tulidhani akisikia habari ya apizo atatoroka. Alitufuata bwenini, akasimama mlangoni, akasema kwa Kiiraqw kilichonyooka kuliko changu: "Na mimi mniite. Mbuzi nitaleta mwenyewe." Kisha akaenda kulala. Dada, mwenye hatia haleti mbuzi.

Sasa nisikilize vizuri. Jana nilikuwa nafuta vumbi kwenye kamera kama ulivyonielekeza. Kidole kikakaa juu ya kitufe cha pembeni, kikakaa kidogo zaidi ya kawaida, na mle ndani sauti ya kike ikaniambia kwa Kiingereza kwamba sauti imezimwa. Pakatokea picha ya maikrofoni yenye mstari. Nikabonyeza tena, ikawaka. Nikabonyeza, ikazimika. Nimefanya hivyo mpaka nikaona aibu.

Uliniandikia kwamba haizimiki. Uliandika kwamba umeuliza. Ulimuuliza nani?

Vedasto

Arusha,
5 Septemba 2024

Vedasto,

Leo usiniamkie. Nimemwomba kondakta aifikishe barua hii mkononi mwako, asimpe mtu mwingine.

Anayesikiliza ni mimi.

Mwezi wa tatu tajiri alisimama katikati ya ofisi akauliza nani anajua lugha ya Karatu. Nilinyoosha mkono kabla sijafikiri. Miaka yote katika ofisi ile hakuna aliyewahi kuniuliza ninachojua mimi peke yangu. Nikafurahi kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilipojua ni kazi gani, nilikuwa nimeshapewa meza karibu na dirisha. Na ningekataa, angeuliza kwa nini, na angekujua wewe ni nani.

Sitakuomba msamaha kwa kupindapinda. Kazi yenyewe inanichafua. Nasikia mkitafuna. Nasikia mkicheua. Nimesikia mnavyowasema wanawake wa kigeni, miguu yao na jasho lao, nikakaa na vile vitu masikioni mpaka jioni, kisha nikaenda kumpikia mtoto. Nimekusikia ukiiga anavyotembea mume wangu. Nimekusikia wewe, niliyekubeba mgongoni, ukimcheka mama mjane wa watu aliyelia kumwona simba akila ndama wa nyumbu. Kinyaa unachokisema wewe, na mimi ninacho, na kwa miezi hii chote kilikuwa juu ya sauti yako.

Lakini la dizeli lazima ulijue lote. Siku ile ya gereji, Clemensi alisema kidogo sana. Dumu lilikuwa lako. Mpira ulikuwa wako. Mtu wa nyuma ya soko ni wako. Tajiri haangalii picha za ndani, hutegemea karatasi yangu tu, na hawezi kuzitenganisha sauti mbili katika lugha asiyoijua. Niliyaandika maneno yako yote chini ya jina la Clemensi. Wewe ukaandikwa kwamba abiria amelala.

Sikukosea. Nilichagua.

Nikakwambia sauti haizimiki kwa sababu tajiri aliagiza hivyo, na kwa sababu ukiizima peke yako ungeshukiwa. Nilidhani nakulinda.

Sasa zuia hilo apizo. Mimi nasali rozari na bado nalitetemekea. Angelina ana miaka minne. Ukisimama ukalisema neno lile, unalisema juu yake, na juu ya Joseph wako, na juu ya Mama. Nyumba ni moja. Sema chochote, toa sababu yoyote. Nitaje ukitaka.

Evarista

Karatu,
29 Septemba 2024

Evarista,

Barua ilinifikia Ijumaa jioni, niko getini Lodoare na wageni. Niliisoma nimesimama nyuma ya gari. Usiku sikula.

Mbulumbulu nilikwenda. Wazee walikuwa wameketi tayari, na mbuzi wa Metui amefungwa kwenye mti, mbuzi mzuri asiye na baka. Clemensi aliongea kwanza. Mkewe alikuwa nyuma yake na watoto, wamekonda. Zamu yangu ilipofika nilisimama na lile neno halikutoka. Mzee mmoja akaniambia niseme au niketi. Nikasema: "Msiapize. Neno lilitoka nyumbani kwetu." Wakauliza ni nani. Nikasema ni mimi.

Usifikiri nimekulinda. Nilitazama nione kama naweza kulitaja jina lako, na mdomo ulikataa kulishika. Ni kama kitu ulichokiokota ukakuta kimeoza. Tena maneno yale yalikuwa yangu. Clemensi amekula adhabu ya dumu langu miezi miwili, na mimi nikaenda kumpa pole, nikamsaidia kutukana msaliti.

Clemensi hakunipiga. Alitema mate pembeni ya kiatu changu akaondoka na familia yake. Wazee wamesema nyumba yangu ikae kando, watu wasiingie, tusipeane moto wala chumvi, mpaka watakapotuita kwa ajili ya kutakaswa. Hawakusema lini. Metui alimfungua mbuzi wake akashuka naye taratibu. Nilimfuata mpaka barabarani nikimwita. Hakugeuka.

Jumatatu nilikwenda kwa tajiri nikamwambia dizeli ilikuwa yangu. Bila shaka ulinisikia, dirisha lako liko pale pale. Nilikuona umeinamisha kichwa kwenye karatasi. Amenifukuza. Nilimwomba amrudishe Clemensi, akajibu kwamba sasa anajua wezi walikuwa wawili. Metui ameacha kazi mwenyewe, amerudi kwao kuchunga. Kwa hiyo kampuni inatafuta madereva watatu, na wewe meza unayo. Kamera mliyonichagulia imeona kila kitu isipokuwa ajali.

Nilikuwa na hasira nyingi za kukuandikia na zimeisha njiani. Kilichobaki ni kinyaa, na siwezi tena kusema kipi ni cha kwako na kipi ni cha kwangu. Nikisikia sauti yangu mwenyewe naiona kama inatoka kwenye kile kikaratasi chako. Kwa hiyo nyumbani nanyamaza. Joseph ameacha kuniuliza maswali.

Mama hatujamwambia. Kila asubuhi anachemsha birika la majirani, anaketi na shali yake mlangoni, anasubiri. Chai inapoa anaimwaga. Ameniuliza kwa nini hakuna anayepita, nikamwambia watu wako mashambani. Ameniuliza kama Krismasi unakuja na mtoto.

Nimemwambia huji.

Vedasto